IST yangu: mashine inasema petroli pungufu, plagi nyeusi kwa masizi. Nimwamini nani?

#1 DerevaWaGoba

Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota IST umbo jipya ya 2008, injini 1NZ, dashibodi inasoma kilomita 168,000. Ni gari ya kazi, kutwa iko barabarani hapa Dar: Goba, Mwenge, Posta, Mbagala, popote abiria alipo. Zamani lita moja ilinipeleka kilomita 13 mpaka 14 hata kwenye foleni. Tangu mwezi wa tatu inanipa 10, siku nyingine 9. Asubuhi nikiwasha inatetemeka kwenye sailensi (injini inawaka, gari imesimama) kama dakika mbili, kisha inatulia. Taa ya cheki injini imewaka mara tatu, na kila ikipimwa inatoka P0171, yaani hewa ni nyingi kuliko petroli.

Kinachonichanganya ni hiki. Juzi nimefungua plagi zote nne, nyeusi, masizi makavu. Fundi wa mtaani anasema masizi ni dalili ya petroli kuzidi. Mashine inasema petroli ni pungufu. Na mafuta yanaliwa kweli, hilo nalijua kila jioni nikipiga hesabu. Fundi anataka "kupunguza mchanganyiko". Nilipomuuliza anaupunguzia wapi, akanionyesha skrubu pale kwenye throtobodi, mlango wa hewa ya injini. Sijamruhusu.

Wajuvi, nani mkweli hapa?

#2 MzeeWaKabureta

Kijana, plagi haisemi uongo. Nimeendesha Peugeot 504 miaka kumi na moja na mchanganyiko wake nilikuwa nautega mwenyewe kwa bisibisi. Unafunga skrubu taratibu mpaka injini inaanza kukosakosa, unarudisha nusu mzunguko, unasikiliza. Rangi ya plagi ikiwa kama kahawa ya maziwa, umepatia. Nyeusi ni petroli nyingi, nyeupe ni petroli kidogo. Injini ni ile ile, inataka hewa, petroli na cheche. Punguza.

#3 Fundi_Gerezani

Mzee shikamoo. Kwa 504 umesema kweli tupu. Kwa 1NZ hapana.

DerevaWaGoba, hiyo skrubu usiiguse na mwambie fundi wako asiiguse. Kazi yake ni kuzuia kile kipepeo cha throto kisijifunge kabisa, haipimi petroli. Ukiizungusha unaharibu mahali kontroo boksi (kompyuta ya injini) inapoanzia kuhesabu, halafu utakuja hapa na uzi mwingine wa sailensi kupanda na kushuka.

Kwenye gari hiyo mchanganyiko hautegwi kwa mkono. Sensa ya MAF iliyo baada ya ea klina inapima hewa iliyoingia kwa gramu kwa sekunde. Kontroo boksi inapiga hesabu ya petroli inayolingana na hewa hiyo, inafungua nozeli za kunyunyizia petroli kwa milisekunde chache. Kisha sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inanusa kilichotoka na kupeleka habari nyuma: imezidi, imepungua. Kontroo boksi inasahihisha, mara nyingi kwa sekunde chache tu. Kwa hiyo swali halisi hapa ni nani anayeidanganya kontroo boksi. Ukimpata huyo, mchanganyiko utajirekebisha wenyewe.

Tafuta mtu mwenye kisomeo anayeweza kuona namba zikiwa hai, hizi mashine za kusoma kodi (namba za hitilafu kama P0171) na kufuta hazitoshi. Tunataka trimu, yaani asilimia ya petroli ambayo kontroo boksi inaongeza au kupunguza: ya muda mfupi ni ya papo hapo, ya muda mrefu ni iliyokaririwa. Ipimwe gari ikiwa ya moto, kwenye sailensi, halafu kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika.

#4 Kijana_Temeke

Nakaa hapa kujifunza. Swali la mwanafunzi: kama P0171 ni petroli pungufu, mbona gari inakula mafuta zaidi? Si ingekula kidogo?

#5 MwalimuWaFizikia

Kijana_Temeke, swali zuri, na ndilo linalowapoteza mafundi wengi.

Kodi hiyo haisemi kwamba petroli iliyoingia ni ndogo. Inasema kontroo boksi imeongeza petroli, ikaongeza tena, imefika mwisho wa ruhusa yake, na bado sensa inalalamika kuna oksijeni nyingi kwenye moshi. Kama sensa inasema kweli, petroli iliyoongezwa inafidia hewa iliyoingia kwa njia ya wizi bila kupimwa na MAF, na injini inaungua sawasawa. Kama sensa imedanganyika, petroli inaongezwa bure, ndipo masizi yanapokuja.

Hesabu yenyewe: kila gramu moja ya petroli inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili viungue vyote, kisibaki kitu. Inatoka kwenye kemia ya oktani, C8H18. Gramu 114 za oktani zinahitaji gramu 400 za oksijeni, na hewa ina oksijeni kama asilimia 23 kwa uzito. Gawanya, utaona.

#6 Nyuki_Mweusi

Mwalimu, nimegawanya. 400 kwa 0.23 inakuja kama 1,739, ukigawanya kwa 114 ni kama 15.3. Siyo 14.7.

#7 MwalimuWaFizikia

Nyuki_Mweusi, uko sahihi, ahsante. Oktani tupu iko kama 15.1. Petroli ya kituoni ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyingi, na zile zenye kaboni nyingi zaidi kwa haidrojeni zinahitaji hewa pungufu kidogo, ndiyo maana wastani unaangukia 14.7. Mafuta mengine yana namba zao: ethanoli inataka kama 9 tu, gesi asilia kama 17.2. Ndiyo maana wenye kutyuni hupenda kusema lamda. Lamda 1 ni uwiano kamili kwa mafuta yoyote yale, chini ya 1 mafuta yamezidi, juu ya 1 hewa imezidi.

#8 DadaWaPlagi

Salaam wote. Mimi ni fundi, nipo Tabata.

Wote mnadhani plagi na sensa zinapingana. Zinaweza zote kusema kweli. Sensa ya oksijeni haioni petroli, inaona oksijeni peke yake. Silinda moja ikimisi, yaani isipowaka, petroli yake na hewa yake vinatoka bila kuungua. Hewa ile ina oksijeni tele. Sensa inaiona, inaripoti "hewa nyingi", kontroo boksi inaongeza petroli kwenye silinda zote nne. Matokeo yake plagi zote zinapata masizi na kodi inasema petroli pungufu.

Jamaa amesema inatetemeka asubuhi. Mimi ningeanza na koili (zinazotoa umeme wa cheche) na plagi kabla ya kugusa kitu kingine. 1NZ ina koili nne, kila moja juu ya plagi yake, na feki zimejaa mjini. Hamisha koili ya silinda ya 1 uipeleke ya 3, uone kama tatizo linahama nayo.

#9 Mtoto_wa_Mbezi

Mkuu toa masega ya ekzosi (kisafisha moshi) tu. Mimi nilitoa kwenye Runx, ikapumua, ikawa nyepesi. Masega yakiziba gari inakula mafuta mpaka huruma.

#10 Fundi_Gerezani

Mtoto_wa_Mbezi, masega yakiziba gari inakosa nguvu, hasa mlimani na spidi kubwa. Haileti P0171 kwenye sailensi. Halafu ukiyatoa, sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega inaona moshi wa nyuma unafanana na wa mbele, inakuwashia P0420, kodi ya masega, mnaanza kuziba taa kwa tepu nyeusi. Masega yanafanya kazi pale tu lamda inapochezea karibu na 1. Mtu anayeharibikiwa na masega mara kwa mara aangalie mchanganyiko wake, kwa sababu petroli isiyoungua ndiyo inayoyachoma.

#11 MzeeWaKabureta

Marahaba Fundi_Gerezani. Nimekusikia kwenye skrubu ya throto, nakubali, sikujua. Lakini usiseme kwamba gari za sindano (zenye nozeli badala ya kabureta) hazina skrubu ya mchanganyiko kabisa. Nilikuwa na Toyota ya miaka ya themanini yenye sindano, sensa yake ya hewa ilikuwa na kile kibao kinachosukumwa na upepo, na pembeni yake palikuwa na skrubu iliyozibwa kwa kifuniko. Pale palitegwa mchanganyiko wa sailensi. Nimeifanya kwa mikono yangu.

Na niwaambie kitu kuhusu hewa. Mwaka 1994 nimetoka Dar kwenda Mbeya na pikapu ya kabureta iliyotegwa vizuri kabisa hapa Ilala. Mpaka Morogoro inaenda kama saa. Kitonga ikaanza kutoa moshi mweusi, Makambako ikawa nzito kama imebeba mawe, na mzigo ulikuwa magodoro tu. Fundi wa Mbeya akabadilisha jeti (kitundu cha kupitishia petroli), akaweka ndogo, ikaamka. Niliporudi Dar na jeti ile ile ikawa inachemka na kupiga kelele za kugonga kwenye mwinuko wowote. Hewa ya juu ni nyepesi, kabureta haijui. Sasa hizi za kompyuta zinajuaje?

#12 Fundi_Gerezani

Mzee, kwenye zile zenye kibao ni kweli, skrubu ilikuwepo. Na Toyota nyingine zilizouzwa bila sensa ya oksijeni zilikuwa na kitufe kidogo cha kuzungusha cha kazi hiyo hiyo. Nimesahihishika.

#13 MwalimuWaFizikia

Mzee, Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kwenye kimo hicho kila lita ya hewa ina uzito pungufu kama asilimia 15 kuliko ya Kigamboni. Kabureta hupima kwa ujazo na kasi ya upepo, kwa hiyo iliendelea kutoa petroli karibu ile ile kwa hewa iliyopungua. MAF hupima uzito wenyewe: kuna waya wa moto, hewa ikipita inaupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto lake ndio kipimo. Hewa ikiwa nyepesi inaupoza kidogo, petroli inapungua. Gari zinazotumia sensa ya mgandamizo wa manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) badala ya MAF nazo zinahesabu hivyo hivyo kwa kuongeza joto la hewa kwenye hesabu.

Hili linajibu pia imani moja niliyoikuta sana: kwamba ea klina chafu inafanya gari ya kisasa inywe petroli nyingi. Kwenye kabureta ndiyo. Kwenye MAF, hewa inapimwa baada ya kichujio, kwa hiyo kichujio kichafu kinapunguza nguvu, uwiano haubadiliki.

#14 Kijana_Temeke

Hapo mwisho nimepigwa butwaa. Miaka yote naambiwa nipulize ea klina ili nibane wese.

#15 SubaruKimara

Pulizeni kwa sababu nyingine, vumbi likipita linaganda kwenye ule waya wa MAF. Waya ukiwa na koti la vumbi unasoma hewa pungufu, petroli inatolewa pungufu, sensa inalalamika, unapata P0171. Nilikuwa nayo kwenye Impreza nikikaa Chanika, barabara ya vumbi. Nilinunua dawa ya kupuliza ya MAF, nikapuliza bila kugusa waya, nikaacha ikauka dakika ishirini. Trimu ikashuka kutoka 16 hadi 4. Sasa wewe kamata MAF kwanza.

Na tukishasema trimu, tusisahau mambo ya nguvu. Lamda 1 ni ya kutembea kawaida na kulinda masega. Ukikanyaga hadi chini, gari haitaki 14.7. Injini isiyo na turbo inapenda kama 12.5 mpaka 13, ya turbo kama yangu tunaitega 11 na kitu, petroli ya ziada inapoza. Hapo kontroo boksi haisikilizi sensa ya kawaida, inafuata jedwali. Jamaa mmoja wa kundi letu aliongeza msukumo wa turbo kwa kifaa cha mkono, hakugusa jedwali la petroli, hakuwa na sensa ya waidibendi inayopima uwiano wenyewe. Barabara ya Bagamoyo, usiku, gia ya nne, pistoni ya silinda ya 3 ikatoboka. Nilikuwa gari ya nyuma yake, moshi ule sitausahau.

#16 DerevaWaGoba

Nimerudi wakuu. Shukrani kwa wote. Nimeazima kisomeo cha blutuuthi kwa jirani. Gari ya moto, kiyoyozi kimezimwa:

Sailensi: muda mfupi +3, muda mrefu +18.
Mizunguko 2,500: muda mfupi +1, muda mrefu +9.
Kupanda Kimara kwenda Mbezi: jumla inacheza +11 mpaka +13.
MAF kwenye sailensi: gramu 1.9 kwa sekunde.

Koili nimezihamisha kama DadaWaPlagi alivyosema, mtetemo upo vile vile, sijaona tofauti. Kingine: sensa ya oksijeni ya mbele, kabla ya masega, inasoma volti 0.66 na haichezi kabisa. Nimesikia inatakiwa iruke kutoka 0.1 hadi 0.9. Imekufa?

#17 Fundi_Gerezani

Hapo sasa tunaongea. Jumla kwenye sailensi ni +21, na ukipandisha mizunguko inashuka hadi +10. Hiyo ni picha ya hewa ya wizi. Tundu kwenye manifodi linaingiza hewa kiasi karibu kile kile. Kwenye sailensi hewa halali ni ndogo, kwa hiyo ya wizi inaonekana kubwa, ukikanyaga inamezwa. MAF chafu ingefanya kinyume, ingezidi kuwa mbaya kwenye mizunguko mikubwa. Angalia mpira wa hewa kati ya MAF na throto, hasa kwenye mikunjo yake chini, hosi ya kupumulia mvuke wa oili, hosi ya hydrovac ya breki, na gasketi ya manifodi.

Sensa haijafa. Hiyo 0.66 ni ya Toyota zenye sensa ya uwiano, siyo ile ya kizamani ya kuruka. Ndani inafanya kazi kwenye volti 3.3 mchanganyiko ukiwa sawa, na visomeo vya kawaida huonyesha ikiwa imegawanywa kwa tano. 3.3 kwa 5, pata jibu. Inaonyesha kontroo boksi imefanikiwa kuushikilia uwiano.

#18 Mpwa_wa_Pwani

Wakuu mnazunguka mbali. Ni mafuta machafu. Vituo vya pembeni wanachanganya na mafuta ya taa. Masizi yale ni ya taa.

#19 Nyuki_Mweusi

Mchezo huo ulikuwa mkubwa zamani taa ilipokuwa rahisi. Bajeti ya 2011/12 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo, na tangu 2010 mafuta yanawekwa alama ya kemikali ili uchakachuaji ugundulike. Sisemi umeisha. Lakini taa kwenye petroli inashusha oktani, injini inagonga na kukosa nguvu. Haishuki kutoka +21 hadi +10 ukipandisha mizunguko.

#20 Mpwa_wa_Pwani

Aliyewahi kuwekewa mafuta mabaya akalala njiani na familia, kama mimi, hawezi kuliondoa hilo kichwani. Ajaribu matanki mawili kituo kingine. Haigharimu kitu.

#21 DadaWaPlagi

Sipingani naye, jaribio la bure ni jaribio zuri.

Fundi_Gerezani, hewa ya wizi nakubali inaingia. Lakini inaeleza masizi vipi? Kama hewa inaingia na petroli imeongezwa kuifidia, plagi zingekuwa safi. Jaribu pia gasketi ya ekzosi pale manifodi inapoungana na kichwa, au ufa wowote kabla ya sensa. Moshi unatoka kwa mapigo, na katikati ya pigo na pigo ekzosi inavuta hewa ya nje. Sensa inaona oksijeni isiyotoka kwenye injini. Kwenye sailensi athari ni kubwa, ukikanyaga moshi unajaa na kuizima. Picha ya namba ni ile ile! Ila hapa petroli inazidi kweli, ndiyo masizi na kilomita 10.

Sikiliza asubuhi ikiwa ya baridi, kuna sauti ya tik tik tik upande wa ekzosi inayopotea chuma kikipata moto?

#22 DerevaWaGoba

Sauti ipo asubuhi, lakini ni ndogo, na mimi nilidhani ni za nozeli za gesi.

#23 Fundi_Gerezani

Nozeli za nini?

#24 GesiTuu

Nimekuwa nasoma kimya tangu jana nikingoja hilo neno.

#25 DerevaWaGoba

Samahani wakuu, sikuona kama inahusika. Gari imefungwa mfumo wa gesi asilia mwezi wa pili mwaka huu. Natembea gesi muda mwingi, petroli ni ya kuwashia asubuhi na gesi ikiisha kabla sijafika kwenye foleni ya kituo. Zile kilomita 10 ni za petroli, siku ambazo gesi nimeikosa. Vipimo vyote nilivyoweka ni vya petroli.

#26 SubaruKimara

Kaka! Gesi mwezi wa pili, ugonjwa mwezi wa tatu. Hilo lilitakiwa liwe sentensi ya kwanza.

#27 GesiTuu

Tusimlaumu, wengi wanaona ni mitungi tu imeongezwa. Ninafunga hii mifumo, nitaeleza ninavyoviona.

Kwanza, wakati wa kufunga, manifodi ya hewa inatobolewa matundu manne, kila silinda lake, inaingizwa mirija ya shaba na hosi ndogo za nozeli za gesi. Kazi nzuri inafanywa manifodi ikiwa imefunguliwa mezani, nyuzi za kuskrubia mirija zinakatwa vizuri, gundi ya kufungia inawekwa. Kazi ya haraka inafanywa juu ya gari. Manifodi ya 1NZ ni ya plastiki, nyuzi zikikatwa vibaya zinalegea kwa joto. Hapo hewa ya wizi ya Fundi_Gerezani inapatikana mara nne. Angalia pia hosi ya vakyumu inayoenda kwenye kipunguza msukumo, ile iliyochongewa njia ya T.

Pili, na hili ndilo ningelishuku zaidi. Gesi inatoka kwenye mtungi na msukumo hadi bar 200, inashushwa hadi bar 2 hivi, halafu kontroo boksi ya gesi inachukua muda wa nozeli za petroli na kuuzidisha kwa namba za ramani yake. Ramani ikiwa fupi, yaani namba zake ndogo, gesi inatoka pungufu, sensa inalalamika, na kontroo boksi ya Toyota inajifunza kuongeza. Haijui kama inaunguza gesi. Inaandika +18 kwenye kumbukumbu yake ya muda mrefu. Ukirudi petroli inaanza na +18 ile ile, petroli inamwagika hadi ijifunze upya. Wewe unayebadilisha mara tatu kwa siku hujawahi kuipa muda. Masizi na ulaji vinaelezeka bila tundu lolote.

Tupe trimu ukiwa kwenye gesi.

#28 MwalimuWaFizikia

GesiTuu, hoja ya pili nzuri, ila kuna jambo haliingii. Kama ile +18 ni kumbukumbu ya gesi na petroli inazidi kweli, trimu ya muda mfupi ilitakiwa iende hasi sana, kuipunguza. Yeye ana +3 kwenye sailensi, gari ikiwa ya moto. Yaani hata kwenye petroli sensa inaomba zaidi. Ramani peke yake haitoshi, labda masizi yaliyopatikana ni ya asubuhi, kabla injini haijapata moto na sensa haijaanza kusikilizwa. Wakati huo petroli inatolewa kwa kumbukumbu tu, na kumbukumbu inasema ongeza asilimia 18.

#29 GesiTuu

Mwalimu, hapo kwenye asubuhi umenifungulia kitu. Na yeye petroli anaitumia asubuhi hasa, injini ikiwa baridi. Plagi zinaguswa na petroli wakati mbaya tu.

#30 MzeeWaKabureta

Naomba kuelewa. Kwa hiyo mashine inakariri makosa ya mafuta mengine na kuyatumia kwa mafuta haya? Na huyu kijana angelizungusha ile skrubu kwa maneno yangu?

#31 Fundi_Gerezani

Ndiyo mzee. Lakini jicho lako la plagi ndilo limetufikisha hapa. Bila masizi tungemwambia abadilishe mpira wa hewa tukalale.

#32 BibiHarusi_Ukonga

Nisaidieni pia, Passo yangu inatetemeka kiyoyozi kikiwashwa, ni mambo haya haya?

#33 DadaWaPlagi

Dada, fungua uzi wako uweke aina ya injini, nitakuja. Ila anza kusafisha throtobodi.

#34 DerevaWaGoba

Mrejesho. Leo sikwenda kazini, nimeshinda kwa fundi mwingine, Shekilango.

Ameingiza moshi kwa mashine kwenye mfumo wa hewa injini ikiwa imezimwa. Mirija miwili ya gesi, silinda ya 2 na ya 4, inavuja shinani. Ameifungua, amekata nyuzi upya, amefunga na gundi. Sensa ya MAF amepuliza dawa. Amefuta kumbukumbu. Nimetembea petroli tupu kutoka Shekilango hadi Bunju na kurudi.

Petroli, sailensi: jumla +9. Mizunguko 2,500: +8.
Gesi, sailensi: +14. Mizunguko 2,500: +6.

Mtetemo wa asubuhi nitaujua kesho. Ile tik tik fundi ameisikia, anasema ni nozeli za gesi, lakini mimi nilimwambia asubuhi gari iko kwenye petroli, akanyamaza.

#35 Fundi_Gerezani

Kushuka kutoka +21 hadi +9 ni tundu, hilo lilikuwepo. Sasa +9 na +8 zimelingana kwenye mizunguko yote. Hiyo siyo hewa ya wizi tena. Pima msukumo wa petroli: 1NZ inataka kati ya 304 na 343 kPa. Gari za gesi hutembea na tanki la petroli robo au chini yake, pampu inapozwa na petroli yenyewe, inachoka mapema. Nadhani pampu.

#36 DadaWaPlagi

Mimi bado niko kwenye gasketi ya ekzosi. Tik tik ya asubuhi ikiwa kwenye petroli haiwezi kuwa nozeli za gesi. Mwagia maji ya sabuni kwenye maungio kabla hujawasha, mwenzako aiwashe, uangalie mapovu kabla chuma hakijapata moto.

#37 GesiTuu

Na +14 ya gesi kwenye sailensi hakuna pampu wala gasketi itakayoiondoa yote, ramani ni fupi pale chini. Njoo na gari ikiwa na gesi zaidi ya nusu mtungi, tuitege upya tukiwa tunatembea. Usibadilishe kitu kingine kabla, vinginevyo hatutajua kilichosaidia.

#38 Fundi_Gerezani

Apime pampu kwanza. Kuitega gesi kwa kulinganisha na petroli ambayo yenyewe haijakaa sawa ni kujenga juu ya mchanga.

#39 DerevaWaGoba

Kesho saa kumi na moja alfajiri kabla sijatoka nitamwagia maji ya sabuni, nitarekodi video. Geji ya msukumo naazima Jumamosi. Anayejua mtu Goba au Mbezi mwenye geji inayoingia kwenye zile klipu za 1NZ aniambie, ya jirani yangu ni ya Nissan.